Kitambaa Chini ya Nyuzi

Nafundisha zeze watoto wa shule ya msingi hapa Bungulu, katika mji wa Beni nilikolelewa. Wazazi wakiniuliza nilijifunzia wapi, nawajibu kwamba nilijifunza kwa fimbo. Wanacheka, wanafikiri ninawatania. Wengine wananiomba nifanye vilevile kwa watoto wao, kwa sababu mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nawaambia warudi nao nyumbani wakawachape wenyewe.

Aliyenifundisha alikuwa mwanamke wa Kasai, mkoa wa mbali na kwetu. Mume wake alikuwa askari aliyetumwa huku kwetu, naye akamfuata na kupata nafasi ya kufundisha darasa la sita. Tulimwita Madame, kama tunavyowaita walimu wote wa kike. Hakutupenda na hakuficha. Alisema Beni ni mji wa vumbi na vilio, na kwamba sisi Wanande tunazungumza kama watu wanaotafuna kitu. Lakini alipenda muziki kuliko chakula, na kwa kuwa hakuwa na watu wengine wa kuwapa muziki wake, alitupa sisi.

Mazeze tuliyatengeneza wenyewe. Ubao mwembamba tuliomba kwa seremala, tumbo likawa bidon, yaani dumu la mafuta ya mawese lililokatwa nusu, na nyuzi nne tulizifumua kutoka kwenye kebo za breki zilizotupwa na mafundi wa pikipiki kando ya barabara. Waya ile ni nyembamba na inakata vidole. Wiki za mwanzo tuliandika hesabu kwa vidole vyenye damu, na Madame alitupunguzia alama kwa sababu ya madoa kwenye karatasi.

Alikuwa na utaratibu wake, na hata leo sijaona ulio bora zaidi. Kwanza mdomo: tuliimba do, re, mi bila chombo chochote, mikono tumeikunja kifuani. Halafu kiganja: tulipiga mapigo juu ya dawati mpaka darasa zima likawa linapiga pamoja, na aliyetangulia au kuchelewa akasimama kwenye kona. Nyuzi zilikuja mwisho kabisa. Na tulipozizoea nyuzi, zikaja siku za sikio. Madame alimfunga mtoto macho kwa kilemba chake, akalegeza uzi mmoja kidogo, na mtoto alipaswa kuukaza mpaka urudi mahali pake. Akikosea, rula ilimwangukia kwenye vidole, ile rula kubwa ya mbao ya kuchorea mistari ubaoni. Aliyelia aliongezwa nyingine.

“Sikio kwanza, kisha mukono,” alituambia. “Mutu bila sikio iko anapiga bidon tu.”

Mimi sikukosea. Nalisema bila aibu, kwa maana sina mengi mengine ya kujisifu kutoka miaka ile. Uzi ukilegea niliusikia mwilini kabla ya kuugusa, kama mtu anavyosikia jiwe ndani ya kiatu. Madame alinifunga macho mara nyingi kuliko wenzangu wote, akitafuta kosa, na alipolikosa alikuna shavu lake na kusema kwamba huyu mtoto ana sikio. Kutoka kwake hiyo ilikuwa zawadi kubwa, na nilikwenda nayo nyumbani nikitembea kwa maringo.

Mwaka ule masista wenye shule ya bweni huko Butembo, upande wa Rughenda karibu na uwanja wa ndege, walitangaza kwamba watamchukua mtoto mmoja bila kulipa chochote, mpaka amalize sekondari, kwa ajili ya muziki. Walitaka mtoto wa kupiga nyuzi katika misa na kuwafundisha wengine. Madame aliandikisha jina langu bila kuniuliza. Kisha akaniambia mbele ya darasa kwamba nikimtia aibu Butembo, nisirudi kwake tena.

Hakuhitaji kunitisha. Sekondari kwetu ilikuwa neno la watoto wenye baba. Wangu alivuka mpaka kwenda Uganda kutafuta biashara, na baada ya muda tukaacha kumtaja. Mama yangu alikwenda shambani asubuhi moja, upande ule ambao kila mtu alijua ni wa hatari kwa ajili ya watu wenye silaha, na ambako kila mtu aliendelea kwenda kwa sababu ndiko chakula kilikokuwa. Majirani walimrudisha ndani ya turubai. Tangu siku ile nililala na viatu miguuni, kama watoto wengi wa mtaa wetu, tayari kukimbia. Butembo, nilivyosikia, watoto wa masista walilala na nguo za kulalia, na viatu walivipanga chini ya kitanda. Nilitaka kitanda kile kuliko nilivyotaka kitu chochote maishani.

Nilikuwa naishi na mukaka wangu. Ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinande, na yeye alikuwa mukaka mzaa mama, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, mzaliwa wa Masereka kwenye milima ya Lubero. Aliolewa akashuka Beni, akazaa, akazika. Mama yangu ndiye aliyekuwa mtoto wake wa mwisho, na baada ya turubai lile nilibaki mimi peke yangu. Nilipomweleza habari za masista alikuwa anachambua maharage, na hakuinua uso. Nilimwambia kwamba Butembo si mbali, nitarudi kila likizo.

“Hata kaburi ya mama yako hapana mbali,” alinijibu, akaendelea kuchambua.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka shuleni nikamkuta ameketi chini, amefunga kitenge cheusi, na moto haujawashwa. Aliniambia kwamba amepigiwa simu kutoka Masereka. Mdogo wake amefariki, mapafu yamemkataa, na wamekwisha kumzika kwa sababu ya mvua. Alisema hayo polepole, macho yake kwenye majivu.

Huyo mdogo wake nilimwita mukaka mdogo, na ndiye mtu aliyekuwa ananipenda bila kunihesabia. Alikuwa anashuka kwetu na mifuko ya viazi na puware, vile vitunguu virefu vya majani, analala kitandani kwangu, anacheka mpaka anapiga paja langu badala ya lake. Zeze langu la kwanza alilishika, akalipindua, akasema mwenye mkono huu hatalima maisha yake yote. Nililia siku ile mpaka nikatapika. Kwa mama nilikuwa nimelia kidogo, kwa sababu hofu ilikuwa kubwa kuliko huzuni. Machozi ya mama na ya mukaka mdogo yalitoka pamoja.

Majirani walikuja kukaa nasi. Walileta maharage, makaa, unga wa muhogo, na mmoja alileta makayabo, samaki wa chumvi. Mukaka alipokea kila kitu kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. Walimuuliza kwa nini haendi Masereka, akawaonyesha miguu yake iliyovimba, nao wakaona haya kwa kuuliza. Tulikula chakula kile kwa muda mrefu.

Sasa inabidi nieleze jambo moja kwa asiye wa kwetu. Katika familia za milimani, zile zinazoshika mambo ya zamani pamoja na rozari, nyumba yenye kilio haitoi sauti ya furaha. Nyimbo za kanisa zinaruhusiwa, kwa maana ni sala. Lakini redio inazimwa, harusi inasogezwa, na uzi wa zeze haupigwi na mtu wa damu ya marehemu mpaka siku ya kunyoa nywele, ambapo ndugu wanakusanyika, wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na mkubwa wao anasema kilio kimekwisha. Ukipiga kabla ya siku hiyo, wanasema umemkanyaga maiti. Na anayepanga siku ya kunyoa ni mkubwa wa familia. Kwetu mkubwa alikuwa mukaka. Alisema kunyoa kutakuwa baada ya mavuno, na mavuno yalikuwa baada ya mtihani wa Butembo.

Hakuniachia mimi kazi ya kumweleza Madame. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni mwa darasa na kitenge chake cheusi, na watoto wote wakaacha kupiga. Alisema mjukuu wake ana kilio na hatagusa uzi. Madame akamjibu kwamba hapa watu wanakufa kila siku, sasa watoto watajifunza lini. Lilikuwa neno baya, na mukaka alilipokea kana kwamba alikuja kulichukua.

“Weye uko mugeni, Madame,” alisema. “Kwenu mutu akikufa munacheza. Kwetu hapana.”

Madame alikuwa na ulimi, lakini hakuwa mjinga. Mke wa askari aliyetoka mbali hawezi kugombana na mtaa mzima juu ya maiti. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kumsengenya kwa sababu ya kelele za darasa lake. Akasema nitajifunza bila sauti. Alichana kipande cha kitenge cha kufutia ubao, akakipitisha chini ya nyuzi zangu, akakikunja mara mbili, akapiga uzi kwa kidole. Ulitoka mlio wa mtu anayegonga meza kwa ukucha. Akamuuliza mukaka kama maiti anasikia hiyo. Mukaka akageuka, akaondoka. Siku ile nilifikiri Madame ameniokoa.

Ndivyo nilivyojifunza miezi ile. Wenzangu walipiga na darasa likajaa sauti, mimi nikiwa kwenye dawati la mbele karibu na meza ya Madame, vidole vyangu vikifanya kila kitu na zeze likisema tup, tup. Kitambaa kilikuwa kinateleza. Kikiteleza uzi ulitoa sauti yake ya kweli, na papo hapo rula ilishuka, kwa kuwa watoto wa majirani walikuwa darasani na kila walichosikia walikipeleka kwa mukaka kabla sijafika. Madame hakunichapa kwa chuki. Alinichapa kwa hesabu zake za kulinda darasa, na maumivu ni yaleyale. Nikajifunza kupiga na kufunika kwa wakati mmoja, kidole kimoja kikivuta uzi na kiganja kikilala juu yake kabla haujasema.

Jioni mukaka aliniuliza swali moja tu, akiwa anakoroga fufu ya muhogo.

“Leo ulimukanyaga mukaka yako mudogo?”

Nilijibu hapana. Nyakati nyingine ilikuwa uongo, uzi ulikuwa umetoroka, na usiku nilimwona ndotoni mukaka mdogo amelala kifudifudi na mgongo wake una alama za nyayo zangu. Hakuna mtu aliyenifundisha muziki vizuri kama wanawake wale wawili walivyonifundisha kunyamaza.

Siku ya Butembo mukaka hakunizuia. Majirani wangesema. Alinifungia viazi vitamu kwenye jani la mgomba, akanitengenezea kola ya shati, na akaniambia niende, marehemu ananiangalia.

Chumba cha mtihani kilikuwa na madirisha makubwa, na sakafu yake ilipigwa deki mpaka ikang’aa. Sista mkuu alikaa katikati ya walimu wake wawili. Kabla yangu aliingia mtoto wa mfanyabiashara wa palepale Butembo, na gitaa dogo la dukani lililokuwa bado linanuka rangi. Alikosea. Uzi wake wa tatu ulikuwa umelegea na hakujua, alipita juu yake mara nyingi na kila mara niliuma meno. Lakini alipiga kwa nguvu, na kichwa chake kilikuwa kinacheza, na mwisho alitabasamu kama mtu aliyekwisha kupewa keki.

Kisha wakaniita. Madame alipiga magoti mbele yangu, akakaza nyuzi zangu kwa sikio lake mwenyewe, na akakichomoa kitambaa, akakitia mfukoni mwake.

“Huku hapana Bungulu,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Kilio imebaki kule. Piga.”

Nilipiga. Vidole vyangu vilipita njia yote bila kukosa hata mahali pamoja, na hakuna kitu kilichosikika. Kiganja kilikuwa kinalala chenyewe. Nilikiamuru kiinuke, hakikuinuka. Sista aliinama mbele, akaniambia kwa upole kwamba hawanisikii, nipige kwa nguvu. Nikavuta uzi wa kwanza kwa hasira, na ukatoka wote, mpana, ukajaza chumba, na sikuwa nimeusikia kwa miezi. Mkono wangu uliruka ukajificha kwapani. Nilimtazama Madame, nikatazama mkono wake kama una rula. Haukuwa nayo. Mwalimu mmoja alicheka kidogo, si kwa ubaya, na Sista akaniambia inatosha.

Walimchukua mtoto wa mfanyabiashara. Walitangaza palepale uani, mbele ya wazazi waliokuja, na watu wakapiga makofi. Sista alimwambia Madame kwamba vidole vyangu ni safi, lakini kanisa linahitaji mtoto anayesikika. Madame alijibu oui, ma sœur, ndiyo Sista, kisha tukashika njia ya sokoni.

Alitaka kununua viazi, kwa sababu viazi vya milimani vinafika Butembo kwanza na huko ni vizuri kuliko vinavyofika kwetu. Tulipita kati ya mafungu ya puware na kabichi. Na pale, nyuma ya fungu la viazi vyekundu, ameketi juu ya gunia na kofia ya sufi kichwani, alikuwa mukaka mdogo.

Sikufikiri kwamba yu hai. Wazo hilo halikunijia kabisa. Nilifikiri: nimepiga uzi bila kitambaa, nimemkanyaga, na sasa amekuja. Nikaanguka kwa magoti kwenye tope la soko na zeze langu, nikaanza kumwomba msamaha, nikamwambia kwamba ni uzi mmoja tu, na kwamba sikumaliza wimbo. Alishtuka, akaniita mjukuu wa dada yake, akanishika mabega. Mikono yake ilinuka udongo na ilikuwa na joto.

“Unalia nini, mwana wangu? Nani alikufa?”

Nikamwambia: wewe.

Wanawake wa mafungu ya jirani waligeuka. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mukaka mdogo alitazama juu kwa Madame, na Madame ndiye aliyeeleza, kwa Kiswahili chake kilichojaa Lingala, habari za simu, za kitenge cheusi, za kilio ambacho hakijanyolewa. Mukaka mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba Jumapili iliyopita alizungumza na dada yake kwa simu, wakacheka, na akaniulizia, akaambiwa niko mbioni na masomo. Alisema hayo kwa sauti ndogo sana. Kumlilia mtu aliye hai, kwetu, ni kumwita kifo kwa jina, na aliyefanya hivyo alikuwa damu yake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imefika mbali vya kutosha.

Madame alinishika mkono akaniburuta mpaka Rughenda. Nilikuwa simjui bado mtu anayekimbia kwa ajili yangu, na sikujua kama nifurahi. Alimwita Sista getini, akamweleza yote, bila kuficha rula. Sista alisema jina limekwisha kutangazwa. Lakini aliniangalia, na labda nilimtia huruma, maana alisema pengine wangeweza kufikiria kitanda kingine, kama angenisikia. Akaniambia nipige palepale, nimesimama, yeye mbele yangu na ndege ndogo ikinguruma nyuma ya ukuta.

Nilijua yu hai. Nilikuwa na udongo wa mikono yake kwenye mabega ya shati langu. Niliinua zeze nikapiga, na kiganja kikalala juu ya nyuzi. Nikarudia, kikalala tena. Mkono ulikuwa haujapata habari za sokoni. Sista alisubiri vya kutosha, hilo siwezi kumlaumu, kisha akanigusa kichwa, akasema Mungu ana mipango yake, na geti likafungwa taratibu. Nilimchukia Mungu huyo na mipango yake, na nilimchukia mtoto wa keki, na kitanda changu nikakiona kupitia geti kana kwamba kina jina langu.

Tulirudi sokoni kwa sababu Madame alikuwa ameacha mfuko wake. Mukaka mdogo alinijazia viazi kwenye gunia dogo, akalifunga kwa kamba, akaniambia nimpelekee dada yake. Njiani kwenda Beni Madame aliongea mara moja tu.

“Miezi yote nilikuwa nakupiga juu ya mutu anauzisha viazi,” alisema.

Hakulisema kwa huruma. Alilisema kwa hasira ya mtu aliyefanyishwa kazi ya mwingine bila kujua, na hasira ile niliielewa kuliko ningeelewa pole. Baadaye kidogo alikitoa kitambaa mfukoni, akakitupa dirishani.

Mukaka alikuwa ameketi mlangoni. Alitazama uso wangu akajua nimekosa, na nilimwona, nasema nilimwona kwa macho yangu haya, akishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alisema Mungu amefanya vizuri. Alisema nisilie, shule ziko hata hapa. Niliweka gunia miguuni pake, nikalifungua ili avione.

“Vimetoka kwa mudogo wako,” nilimwambia. “Anakusalimia.”

Hakuruka, hakukana. Alichukua kiazi kimoja akakigeuzageuza, akakisugua kwa kidole gumba mpaka ngozi ikatoka. Akaingia ndani, akaleta kisu na sufuria, akaanza kumenya. Alimenya vingi kuliko tulivyoweza kula. Sufuria ilipojaa ndipo aliposema, akiwa ananipa mgongo.

“Kama ulienda, nani angenizika?”

Hakuniomba msamaha, wala siku ile wala nyingine. Aliuliza tu, kama swali la akili, na ukitazama vizuri lilikuwa swali la akili. Alikuwa amezika watoto wake wote. Alitaka mtu mmoja abaki wa kumtupia udongo. Ninamwelewa leo, na kumwelewa hakukupunguza kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ile ndiyo iliyokuwa ikinifunika usiku. Nilikuwa mtoto bado, lakini jibu lilinijia likiwa limekamilika.

“Nitakuzika, mukaka,” nilimwambia. “Na siku ile hapana kulia. Nitapiga zeze hapa mulangoni, bila kitambaa, batu wote basikie.”

Kisu kilisimama. Kisha kikaendelea. Viazi vilipoiva tulikula, tukiwa tumekaa uso kwa uso, na vilikuwa vitamu, viazi vya Masereka havina mfano.

Mkono wangu ulirudi polepole. Ilichukua miaka, na aliyeurudisha ni Madame, kwa njia yake: alinikalisha nje ya mji, kwenye kiwanja ambapo hakuna mtu, akaniamuru nivute uzi mpaka ukatike, na ukikatika tulifunga mwingine. Hakunichapa tena, na nadhani kutonichapa kulimsumbua. Halafu mume wake akahamishwa mkoa mwingine, akaenda, akaniachia rula na darasa la mazeze. Rula niliwashia moto. Darasa ninalo hadi leo, na sekondari niliimaliza hapahapa kwa kuungaunga, nikilala na viatu miguuni.

Watoto wangu nawaanzisha kama alivyotuanzisha yeye: mdomo, kiganja, kisha nyuzi. Ila siku ya kwanza ya nyuzi nawaambia wapige kwa nguvu zao zote, vibaya wanavyotaka, mpaka mbwa wa jirani wabweke. Mtaa ukiwa na kilio cha kweli tunafunga mazeze na kwenda kukaa na wafiwa. Vilio vya kweli naviheshimu. Lakini nikisikia kwamba kuna maiti, naenda kwanza kumwona.

Mukaka yu hai. Miguu imemkataa kabisa sasa, analala karibu na mlango ili apate hewa, na darasa langu la jioni linakaa uani, hatua chache kutoka kichwani kwake. Anasikia kila uzi. Namwogesha, namlisha, namgeuza ubavu, na majirani wanamwambia ana bahati ya mjukuu. Jioni watoto wakiisha kwenda, ananishika mkono na kuniuliza kama neno lile la siku ya viazi nililisema kwa hasira tu, kama siku yake nitamlilia kama watu wanavyoliliwa. Ananiuliza kila jioni sasa. Namfunika blanketi, nampa maji ya kunywa, na simjibu.